Neno Mbele ya Watu Arobaini

Kila asubuhi Ruthi aliondoka kwao Nguvumali akiwa na daftari zake ndani ya mfuko wa kitambaa alioshonewa na mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa Darasa la Nne. Penye njia panda, karibu na reli, alimkuta rafiki yake Asmahani akimngojea. Kutoka hapo walikwenda pamoja hadi shuleni, wakiulizana majedwali ya kuzidisha njia nzima, na aliyekosea alibeba mifuko yote miwili.

Ruthi alikuwa mtoto mkweli. Hilo hakuna aliyelibishia, na kama angekuwapo wa kubisha, Ruthi mwenyewe angemsahihisha. Aliyechelewa alimwambia kuwa amechelewa. Aliyemwaga wino mezani alimtaja kwa jina kabla mwalimu hajauliza. Siku moja alimwambia mama muuza maandazi, mbele ya wateja wake, kwamba maandazi ya leo ni madogo kuliko ya jana. Maandazi yalikuwa madogo kweli, lakini yule mama tangu siku hiyo hakumwitikia Ruthi salamu.

Tabia hiyo hakuiokota njiani. Baba yake, Mzee Ernesti, alikuwa fundi katika karakana ya reli, na siku ya Jumapili alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Katika kanisa lao, mtu aliyeshikilia kosa lake alitengwa kwa muda, na jina lake likasomwa mbele ya washarika wote. Ruthi aliipenda saa hiyo. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliona tu kwamba ndivyo haki inavyofanya kazi. Jina linasomwa, watu wanasikia, mkosaji anainamisha kichwa, mambo yamekwisha.

Asmahani alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa amemzidi Ruthi mwaka mmoja na nusu, mpole, asiyesema mpaka aulizwe, ila katika hesabu hakuna mvulana aliyemfikia. Wazazi wake walikuwa Pemba wakilima mpunga. Yeye aliletwa Tanga akae Chumbageni kwa bibi yake, Bi Mwanakhamis, ili asome. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa Darasa la Nne, na msichana aliyefaulu vizuri aliweza kwenda shule ya bweni. Asmahani alitaka kuwa mwalimu. Jambo hilo alimwambia Ruthi peke yake.

Mwaka huo, 1953, Ramadhani iliingia katikati ya mwezi wa Mei, masika yakiwa bado hayajakatika. Majani katika shamba la shule yaliota kana kwamba yanashindana na mahindi. Mwalimu Hatibu, mwalimu wao wa darasa, aliweka utaratibu: wanafunzi waliofunga wasilime, wakae barazani wasome, wasiofunga washike majembe. Darasa lilikuwa na watoto arobaini, na wengi wao walikuwa Waislamu, kwa hiyo kazi ya shamba iliwaangukia wachache. Ruthi alikuwa mmojawapo. Alilima bila kunung'unika, kwa sababu aliona ni haki. Mtu asiyekula wala kunywa tangu alfajiri, utampaje jembe?

Siku ya Jumanne, jua lilichomoza kali baada ya mvua. Ruthi alitumwa ndoo. Alipozunguka nyuma ya stoo ya majembe, alimwona Asmahani ameketi juu ya tofali, ameelekeza uso ukutani. Mkononi alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na miguuni pake palikuwa na kikopo cha maji. Alikuwa anatafuna haraka haraka, kama mtu anayeiba.

Hakumwona Ruthi. Ruthi alirudi kinyumenyume. Asubuhi ile ile, penye reli, Asmahani alikuwa amemwambia kwamba amefunga. Barazani amehesabiwa miongoni mwa waliofunga. Na yeye Ruthi viganja vyake vimetoka malengelenge!

Angeweza kumngoja Asmahani amalize, amuulize. Angeweza kumwendea mwalimu pembeni. Hayo yote hayakumjia. Alikwenda moja kwa moja hadi katikati ya shamba, mahali ambapo watoto wa shambani na watoto wa barazani wote walimsikia, akasema kwa sauti ya juu:

"Mwalimu, kwani asiyefunga si anatakiwa kulima?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu Hatibu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu Asmahani hakufunga. Yuko nyuma ya stoo, anakula muhogo na kunywa maji."

Vichwa vyote vilimgeukia. Tuseme kweli: wakati ule moyoni mwa Ruthi mlikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa uchungu, maana aliona ameonewa. Cha pili kilikuwa utamu, utamu wa kutazamwa na watu arobaini na kuonekana yeye ndiye mwenye haki. Huo utamu hakuuona. Aliuona ule uchungu tu.

Mwalimu Hatibu alibadilika uso. "Ruthi, shika jembe lako," alisema upesi. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Asmahani alitokea pembeni mwa stoo, mkono mdomoni, na wavulana wakaruka kutoka barazani.

Katika pwani, mtu anayekula kwa siri mchana wa Ramadhani huitwa kobe, kwa kuwa kobe naye hujificha ndani ya gamba lake. Watoto wakimgundua humwimbia, na wimbo huo humfuata mtu mpaka Idi. Aliyeanza alikuwa Bakar, jirani yake Asmahani:

"Kobe huyo, kobe! Toa kichwa tukuone!"

Wenzake wakaitikia kwa makofi. Asmahani alimtazama Ruthi mara moja tu, kisha akaenda zake kwa miguu ya haraka, hata mfuko wake aliuacha. Mwalimu aliwanyamazisha watoto kwa ukali, lakini kelele zilikuwa zimeshavuka ua wa shule.

Jioni, wakati wa chakula, Ruthi aliwasimulia wazazi wake yote, naye alingoja kusifiwa. Baba yake aliacha tonge lake sahanini.

"Ulikwenda kwake kwanza?" aliuliza Mzee Ernesti.

"Kwa nani, baba?"

"Kwa Asmahani. Kabla hujasema mbele ya watu."

"Hapana, baba. Nilisema wazi, kama nyinyi kanisani mnavyosoma majina."

Mzee Ernesti alinawa mikono ingawa chakula hakijaisha. "Mwanangu, wewe hukaa benchi la mbele ukasikia jina linasomwa. Unadhani ndipo tunapoanzia? Mzee mmoja huenda kwanza kwa yule mtu, peke yake, wakakaa wakasema. Asiposikia, twaenda wawili. Mwaka jana kuna mtu tulimwendea miezi minne. Nilimbembeleza kama mtoto."

"Mbona mimi sikuwahi kuwaona mkienda?"

"Kwa sababu hatukwenda ili tuonekane. Na siku jina linaposomwa, mimi sili chakula cha mchana. Hilo nalo hukuliona?"

Ni kweli, baba yake huwa hali siku hizo. Ruthi alidhani ni joto.

Walipokuwa wakiosha vyombo, mama yake, Beatrisi, alimuuliza polepole, "Asmahani ana umri gani?"

"Kumi na mitatu na nusu."

"Msichana mkubwa, basi. Sikiliza. Mwanamke wa Kiislamu akiwa katika siku zake za kila mwezi hafungi. Dini yake yenyewe inamkataza, ana udhuru. Siku hizo huzilipa baadaye. Na si jambo la kutangaza, kwa hiyo hula kando, asionekane."

Sahani ilimponyoka Ruthi mkononi, bahati njema ikaangukia majini. "Kwa hiyo Asmahani..."

"Mimi sijui. Na wewe hujui. Lakini tazama ulivyomfanya. Akinyamaza, ni kobe. Akijitetea, ataitoa siri yake mbele ya wavulana. Ulimfungia milango yote miwili."

"Basi kesho nitasimama darasani niwaambie wote kwamba alikuwa na udhuru!"

"Loo!" Beatrisi alishika kiuno. "Maji umekwisha kuyamwaga, sasa unataka kuvunja na mtungi? Tulia kwanza."

Siku ya Jumatano Asmahani hakuja penye reli. Siku ya Alhamisi hakuja pia. Ruthi alimngoja mpaka akachelewa, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza saba mara nane. Ijumaa Bakar alileta habari: "Kobe harudi tena. Bibi yake kasema shule basi. Atakaa ndani mpaka aolewe." Aliyasema kwa kicheko, lakini hata yeye kicheko chake kilikuwa kifupi.

Asmahani asipofanya mtihani, ndiyo mwisho wa shule kwake. Mwalimu aliyekuwa ndani ya yule msichana angefia jikoni, na aliyemuua ni yeye Ruthi, kwa sentensi moja.

Alasiri ile ile Beatrisi alijaza kikapu magimbi yaliyotoka kwao Usambara, maana nyumba iliyofunga haiendewi mikono mitupu, akamchukua binti yake mpaka Chumbageni, Ruthi akiwa amebeba mfuko ambao Asmahani aliuacha shuleni. Njiani alimwambia, "Kule usianze wewe. Ngoja uulizwe."

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo, mama," alisema Beatrisi.

"Shikamoo, bibi," alisema Ruthi.

"Marahaba, wanangu. Piteni mkae."

Bi Mwanakhamis alikuwa ameketi kwenye jamvi ukumbini, anasuka ukili wa mkeka. Vidole vyake havikusimama hata mara moja. Aliyapokea magimbi, akashukuru, akauliza habari za nyumbani, akauliza mvua ya Usambara, akasema mpunga wa Pemba mwaka huu umepata maji ya kutosha. Habari za Asmahani hakuzigusa. Ruthi alikuwa amejiandaa kugombezwa, na alitamani agombezwe yaishe. Upole ule ulimwunguza kuliko fimbo.

Mwishowe Bi Mwanakhamis alisema, macho kwenye ukili, "Na huyu ndiye Ruthi?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Asmahani alinisifia sana rafiki yake Ruthi."

Hapo Ruthi alishindwa. Machozi yalimtoka kwa wingi. "Bibi, nilimkosea. Nimekuja kuomba radhi. Mwache arudi shule, nakuomba."

Bi Mwanakhamis aliuweka ukili chini. "Mwanangu, mjukuu wangu kavunja ungo. Alinificha. Aliogopa nikijua nitamtoa shule, basi hapa nyumbani akawa anajifanya kafunga, chakula anakwenda kukila huko. Lau angeniambia, ningejua la kufanya. Mimi nilikuwa nimeshajiapiza kwamba huyu atafika kwenye mtihani hata watu waseme. Kukua kwake kusingenishtua. Lakini siku ile wimbo ulikuja mpaka mlangoni kwangu. Jina la msichana limekuwa la kupigiwa makofi barabarani. Nimtoe vipi tena nje?"

"Nimeshaomba radhi, bibi."

"Umeniomba mimi, ukumbini kwangu, na mimi nimekusamehe. Lakini lile neno ulilisema mbele ya watu wangapi?"

"Arobaini, bibi."

"Neno lililosemwa mbele ya watu arobaini halifutwi ukumbini." Akauchukua tena ukili wake. "Na ukilifuta, tazama usilifute kwa siri yake."

Siku ya Jumamosi Ruthi aliyawaza maneno hayo. Siku ya Jumapili, kanisani, halikusomwa jina lolote, na kwa mara ya kwanza alifurahi.

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa kwa Mwalimu Hatibu. Mwalimu akasema, "Simama mbele."

Safari hii kutazamwa hakukuwa na utamu wowote.

"Jumanne nilimsema Asmahani mbele yenu," alianza. "Sikuwa na haki ya kumsema. Sikumuuliza. Nililitaja jambo ambalo sikulijua. Mkosaji ni mimi, si yeye. Nawaomba mwache kumwimbia."

Bakar akainua mkono. "Kwani alikula au hakula?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Kusema hakula ni uongo, na Ruthi hakuwahi kusema uongo. Kusema alikula ni kumrudisha kwenye wimbo. Kueleza kwa nini alikula ni kumvua nguo.

"Hilo sitalijibu," alisema.

"Basi ulizua!" Bakar alipiga meza. "Ruthi mkweli kumbe mzushi!"

"Mzushi! Mzushi!" waliitikia wenzake.

Ruthi alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilimfika ulimini. Neno moja tu lingetosha kuwanyamazisha wote na kumrudishia sifa yake. Alilimeza. Alisimama pale akiitwa mzushi, yeye ambaye katika maisha yake hakuwa na mali nyingine isipokuwa jina la ukweli, na masikio yakawaka moto.

Mwalimu Hatibu aliacha kelele zife zenyewe. "Mmesikia," alisema. "Mwenzenu amesema kosa ni lake. Atakayeimba wimbo ule tena, au huu mpya, atakuja kuniimbia mimi ofisini. Toeni daftari za hesabu."

Bakar alikuwa mtoto mwenye makelele, na habari hakuweza kuzihifadhi. Mchana ule ule alimweleza mama yake, na mama yake akamweleza jirani, na kabla ya futari Bi Mwanakhamis alikuwa ameyasikia yote, pamoja na swali lililoulizwa na jibu ambalo Ruthi alikataa kulitoa.

Siku ya Jumatano, Ruthi alipofika penye reli, aliona buibui jeusi limesimama pale, na kando yake Asmahani ameshika mfuko wake. Ruthi alisimama, akawa hajui aende mbele au arudi nyuma.

"Shikamoo, bibi," alisema hatimaye.

"Marahaba. Sogea, mwanangu, reli haiumi."

Asmahani ndiye aliyekuja. Alimshika Ruthi mkono akamvuta hatua kadhaa mbali na bibi yake na mbali na watu waliokuwa wakivuka, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Nina neno nawe. Uliniumiza, Ruthi. Wewe ulikuwa rafiki yangu, na hukuniuliza hata 'Una nini?' Nililia siku tatu. Nimesikia ulivyosimama darasani na nimekusamehe, lakini nimeona nikwambie, kwa sababu nikinyamaza nitakuwa nakuchekea na moyoni nina kinyongo."

Maneno yalikuwa mazito, lakini hayakumdhalilisha. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Ruthi aliweza kuyasikiliza mpaka mwisho, na aliyakubali yote.

"Ni kweli," alisema. "Nisamehe. Sitarudia."

"Na mimi nilikudanganya kwamba nimefunga. Nisamehe na wewe."

Bi Mwanakhamis alikuwa amewakaribia. Alitazama kwanza mjukuu wake, kisha Ruthi.

"Bibi," Ruthi alisema, "tangu leo sitamsema mtu yeyote tena."

"Hapo umekosea mara ya pili," alisema Bi Mwanakhamis, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Nani kakwambia ufumbe mdomo? Ukiliona baya, likemee. Anayeona baya akanyamaza, naye kalishiriki. Ila kabla hujasema, jiulize swali moja: nataka huyu atengenee, au nataka mimi nionekane? Jibu utalijua kwa miguu yako. Ukitaka atengenee, miguu itakupeleka kwake. Ukitaka kuonekana, itakupeleka penye watu."

"Ndiyo, bibi."

"Haya, nendeni, msije mkachelewa."

Wasichana wale wawili wakavuka reli. Bi Mwanakhamis alibaki amesimama pale pale mpaka alipowaona wameingia katika lango la shule, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeimba.